Athari za hali ya hewa kwa bei ya nyumba

Athari za hali ya hewa kwa bei ya nyumba ni mabadiliko ya bei ya kuuzia nyumba na ya kodi ya pango yanayosababishwa na mafuriko, dhoruba, joto kali au kupanda kwa usawa wa bahari.

Sababu

Nyumba iliyo katika eneo la hatari huleta gharama za matengenezo na bima, hivyo mnunuzi anayeifahamu hatari hiyo hutaka kulipa kidogo. Mwaka 2023 kampuni ya State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba katika jimbo la California, Marekani. Bila bima ni vigumu kupata mkopo wa benki wa kununulia nyumba.

Marekani

Utafiti wa Bernstein, Gustafson na Lewis uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyumba zinazotishiwa na kupanda kwa bahari ziliuzwa kwa bei pungufu ya takriban asilimia 7 kuliko nyumba zinazofanana nazo zilizo umbali uleule kutoka ufukoni. Kodi za pango hazikuonyesha tofauti hiyo. Mnunuzi hulipia miaka mingi ijayo, bali mpangaji hulipia makazi ya sasa.

Mjini Miami, mtaa wa Little Haiti uko juu kuliko ufuko. Wakazi wake wenye kipato kidogo wanahofia kuondolewa na kodi zinazopanda, kadiri wenye fedha wanavyotafuta ardhi ya juu.

Dar es Salaam

Katika bonde la mto Msimbazi, maeneo kama Jangwani hufurika mara kwa mara. Watu huendelea kupanga huko kwa sababu vyumba ni vya bei nafuu na soko la Kariakoo liko karibu. Hata hivyo, unafuu huo unaweza kumalizwa na mafuriko ya siku moja, kwa kuwa mpangaji hupoteza vyombo, mtaji na hata kodi aliyolipa miezi kadhaa mbele.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, nje ya mji. Huko hatari ya mafuriko ilikuwa ndogo, lakini nauli na umbali wa kazi viliongezeka. Kwa hiyo kodi ndogo peke yake haionyeshi gharama kamili ya makazi.