Kuchagua na Kubagua: Suala la Kazi za Serikali katika Tanganyika, 1948–1964

Maneno mawili, kuchagua na kubagua, hukaribiana sana katika matumizi, lakini maana zake ni mbali. Achaguaye hutazama kazi iliyo mbele yake, kisha humtafuta mtu aifaaye. Abaguaye huwatenga watu kwanza katika mafungu, kisha hulitazama fungu, wala hamtazami mtu. Kila mwajiri hana budi kuchagua. Swali lililoisumbua Tanganyika katika miaka ya kwanza ya uhuru wake lilikuwa hili: je, yafaa mwajiri abague, ikiwa nia yake ni kuondoa dhuluma ya zamani?

Dhuluma yenyewe haikuwa ya kubuni. Chini ya Waingereza utumishi wa serikali ulipangwa kwa rangi: Wazungu juu, Wahindi kati, Waafrika chini. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika ya Mashariki, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu akishika kazi ile ile aishikayo Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa mwenziwe. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilipendekeza kanuni hiyo iachwe. Walakini kufuta kanuni katika karatasi si kufuta matokeo yake. Shule za Waafrika zilikuwa chache na fukara, na mtu aliyenyimwa shule jana hawezi kushindana sawasawa leo. Ndiyo maana uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, nafasi nyingi za juu na za kati zilikuwa zingali mikononi mwa wageni.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, Bunge lilikuwa limekwisha kujadili Mswada wa Uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au wasio Waafrika wacheleweshwe. Mwalimu Julius Nyerere aliwapinga kwa ukali, akashika kwamba msingi wa uraia ni utii kwa nchi, si rangi, akasema kwamba mswada ukishindwa serikali yake itajiuzulu. Mswada ulipita. Basi kwa sheria raia wote wakawa sawa.

Lakini mlangoni pa ofisi mambo yalikuwa mengine. Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 na Rashidi Kawawa kushika mahali pake, siasa ya kuwapa Waafrika madaraka iliendeshwa kwa haraka zaidi. Katika kuajiri na kupandisha vyeo, raia aliye Mwafrika alitangulizwa mbele ya raia asiye Mwafrika. Hoja ya walioitetea siasa hiyo haikuwa dhaifu. Walisema kwamba aliyesukumwa nyuma kwa sababu ya rangi yake hawezi kufika mbele kwa kuambiwa tu kwamba njia sasa ni wazi. Na kwamba serikali ambayo wananchi hawajioni ndani yake haitaaminiwa nao.

Mapema Januari 1964 Nyerere, ambaye sasa alikuwa Rais, alitoa waraka wa kuikomesha siasa hiyo. Tangu hapo raia wa Tanganyika wasitofautishwe katika kuajiriwa, kufundishwa wala kupandishwa cheo, isipokuwa kwa tabia na uwezo wao wa kazi. Tofauti iliyobaki ni ile ya raia na asiye raia. Viongozi kadha wa vyama vya wafanyakazi waliupinga waraka huo waziwazi. Tarehe 20 mwezi huo huo askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, wakitaka mishahara mizuri zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Itakuwa ni kukosea kuutaja waraka kuwa ndio chanzo cha maasi. Madai ya askari yalikuwa na mizizi yake. Lakini mambo hayo mawili, yakitokea katika mwezi mmoja, yaonyesha jinsi kidonda kilivyokuwa kibichi.

Nani basi alikuwa na haki? Waliodai fidia walikuwa na haki kuhusu maradhi, na Nyerere alikuwa na haki kuhusu hatari ya dawa. Upendeleo wa kurekebisha waweza kutetewa maadamu una lengo linalojulikana na mwisho unaojulikana, na nguvu zake nyingi zaelekezwa katika kufundisha watu. Usipokuwa na mwisho huwa mazoea, na mazoea huzaa raia wa daraja la kwanza na wa daraja la pili, jambo lile lile ambalo watu walipigania uhuru ili waliondoe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imejaribu kuziweka hoja zote mbili katika mizani moja. Yamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, kabila, jinsi, dini na mengineyo; papo hapo yasema kwamba hatua za kukuza usawa si ubaguzi, wala si ubaguzi kumpambanua mtu kwa sifa ambazo kazi yenyewe yazihitaji. Yaani sheria yaruhusu kuchagua na kukataza kubagua. Mpaka baina ya vitenzi hivyo viwili haumo katika kamusi wala katika sheria peke yake. Huwekwa upya kila mara mwajiri asomapo barua ya maombi ya kazi, na kujiuliza kama anaisoma barua au jina lililoandikwa chini yake.