Kishikwambi na Anwani ya Kukodi

Tangu Marekani ilipoyaachia huru, mwaka 1985, baadhi ya mawimbi ya redio ambayo hata majiko ya maikrowevu huyatumia, na kanuni ya kwanza ya Wi-Fi ikapitishwa mwaka 1997, watu wamezoea kuilaumu hewa kila mawasiliano yakatikapo, ilhali aghalabu ila imo ndani ya chombo chenyewe. iPad ilipoanza kuuzwa Aprili 2010, mafundi wa Chuo Kikuu cha Princeton waligundua kwamba baadhi ya vishikwambi hivyo, vikishapewa anwani ya mtandao kwa muda maalumu, kama mpangaji apewavyo chumba, viliendelea kuitumia baada ya muda kwisha pasipo kuomba idhini mpya, hata anwani ile ile ikapewa chombo kingine, na wapangaji wawili wakagombea mlango mmoja. Chuo kikavizuia baadhi ya vishikwambi hivyo kuingia mtandaoni mwake, wala sioni kwamba kilidhulumu. Mwezi Julai likatoka toleo la 3.2.1 la programu endeshi ya iPad, lililotajwa kuwa linaimarisha mawasiliano ya Wi-Fi. Kitufe cha kuomba anwani upya kingali katika mipangilio ya kishikwambi hicho hadi leo.