Akili mnemba darasani: sheria zilizochelewa kengele

Mwaka 2018, msimu wa vuli, wanafunzi 22 wa shule moja ya sekondari mjini Skellefteå, kaskazini mwa Sweden, waliacha kuitwa majina asubuhi. Mwalimu hakufungua rejista wala hakuna aliyeitikia "nipo". Kamera iliwatazama wakiingia darasani, ikalinganisha sura zao na picha zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, ikajaza mahudhurio yenyewe. Jaribio hilo lilidumu wiki tatu. Wakubwa wa shule walilipenda, kwa sababu walishapiga hesabu wakaona kuita rejista kunawala walimu wao maelfu ya saa kila mwaka. Na wazazi walikuwa wamekubali.

Agosti 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Sweden iliitoza bodi ya shule za mji huo faini ya krona 200,000, ya kwanza nchini humo chini ya sheria mpya ya data ya Umoja wa Ulaya. Kwa mji wa Ulaya fedha hizo si nyingi. Uzito uko kwenye hoja. Bodi ilijitetea kwamba ilipata idhini. Mamlaka ikajibu kwamba mwanafunzi yuko chini ya shule kwa masomo yake na kwa alama zake, na mtu aliye chini ya mwenzake kiasi hicho hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali kwa hiari. Mzazi yeyote aliyeletewa fomu ya shule mwanzo wa muhula anaujua ukweli huo. Unasaini, maana mwanao yuko mikononi mwao.

Wengi wanaosimulia historia ya kanuni za akili mnemba katika elimu huanzia Beijing. Mei 2019, miezi mitatu kabla ya faini ya Skellefteå, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) pamoja na serikali ya China waliwakutanisha mawaziri na wataalamu katika mji huo, wakatoka na Makubaliano ya Beijing yenye vipengele 44. Lilikuwa tamko la kwanza la kimataifa juu ya jambo hili. Yaliyomo ni mema: teknolojia imsaidie mwalimu, isimwondoe, wasichana wasiachwe nyuma, data za wanafunzi zitumiwe kwa haki na uwazi. Lakini hakuna nchi inayofungwa nayo.

Katika nchi hiyohiyo, mwaka mmoja kabla ya mkutano, shule moja ya Hangzhou ilikuwa imefunga kamera zinazosoma nyuso za wanafunzi kila baada ya sekunde 30, kujua nani amefurahi, nani amekasirika na nani amechanganyikiwa. Na miezi mitano baada ya mkutano, habari zilienea za shule ya msingi huko Jinhua ambako watoto walivishwa mikanda ya kichwani inayopima mawimbi ya ubongo. Taa kwenye paji la uso iliwaka nyekundu mtoto akiwa makini na bluu mawazo yake yakihama, na taarifa ikatumwa kwa mwalimu na kwa wazazi. Watu walikasirika, na serikali ya mtaa ikaamuru mikanda ivuliwe. Kilichowaokoa watoto wa Jinhua ni ghadhabu ya umma, wala si vile vipengele 44.

Kisha ikaja korona. Mitihani ya A-level ya mwaka 2020 nchini Uingereza ilifutwa, walimu wakaambiwa wakadirie alama ya kila mwanafunzi na kuwapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani hiyo, ilihofia walimu wangekuwa wakarimu kupita kiasi, ikayapitisha makadirio yao kwenye kikokotoo cha kompyuta. Nasema kikokotoo kwa sababu wasomaji wa Tanzania walishalijua neno hilo kwa uchungu katika suala la mafao ya wastaafu: ni mashine ya hesabu inayokugawia fungu lako bila kukuona.

Kikokotoo cha Uingereza kiliangalia shule ilivyofaulu miaka iliyotangulia, kikawagawia wanafunzi wa mwaka huo alama zinazofanana na hizo. Kama kaka na dada zako shuleni hapo hawakuwahi kupata alama ya juu kabisa, ilikuwa vigumu mno wewe kuipata, hata kama mwalimu aliyekufundisha miaka miwili aliapa kwamba unaiweza. Kwenye madarasa madogo sana hesabu hiyo haikufaa, kwa hiyo makadirio ya mwalimu yaliachwa kama yalivyo. Na madarasa madogo, huko kama huku, yamejaa kwenye shule za kulipia. Hakuna aliyeketi akapanga kuwapendelea matajiri. Hesabu ilifika huko yenyewe, na hilo ndilo linalonitisha zaidi katika kisa hiki.

Matokeo yalitoka Agosti 13. Karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yalikuwa yameshushwa. Vijana waliokuwa wameahidiwa nafasi vyuo vikuu walizipoteza asubuhi hiyo, wakamiminika barabarani London wakiilaani programu ya kompyuta kana kwamba ni waziri. Uskoti, iliyofanya hesabu ya namna yake, ilikuwa imerudi nyuma Agosti 11. Serikali ya London ilisalimu amri Agosti 17, na alama za walimu zikarudishwa. Mwezi mmoja kabla, malalamiko ya aina hiyo yalikuwa yameukumba mtihani wa International Baccalaureate, unaofanywa pia na shule za kimataifa za Nairobi na Dar es Salaam.

Kikokotoo hicho kilikuwa takwimu za kawaida, hakikuwa akili mnemba kwa maana ya leo. Lakini kilionyesha jambo moja: mwanafunzi hakuwa na pa kukatalia. Aprili 2021, miezi minane baadaye, Tume ya Ulaya ilipoleta rasimu ya sheria ya akili mnemba, elimu ilikuwa katika orodha ya mambo ya hatari kubwa, sambamba na ajira na polisi. Novemba mwaka huo nchi 193 zilipitisha mjini Paris Pendekezo la UNESCO la Maadili ya Akili Mnemba. Nalo ni la hiari.

Novemba 30, 2022, ChatGPT ikatoka, na mambo yakabadilika ghafla, kwa kuwa safari hii mashine haikuletwa na shule. Mtoto aliibeba mwenyewe kwenye simu. Jiji la New York liliifungia katika shule zake za umma Januari 2023, likaifungulia Mei. UNESCO ilipouliza shule na vyuo 450 duniani mwaka huo, chini ya asilimia 10 vilikuwa na sera au mwongozo rasmi wowote. Nchini Tanzania kitabu cha kiada hakiingii darasani bila ithibati, na Kenya kinapitia kwanza kwenye taasisi ya mitaala. ChatGPT iliingia bila kumbishia hodi yeyote, kutoka Tokyo mpaka Tabora.

Watu wa Nairobi walikuwa wameigusa kabla ya wanafunzi. Jarida la Time lilifichua Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Kenya, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa, ndio waliosoma maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa watoto na kuyatia alama ili programu ijifunze kuyakwepa. Usafi ambao mwanafunzi anaukuta kwenye majibu yake umelipiwa na usingizi wa vijana hao. Sijaona mwongozo wa elimu unaowapa nafasi wanayostahili.

UNESCO ilitoa mwongozo wake wa akili mnemba inayotunga maandishi na picha Septemba 7, 2023. Ulizitaka serikali zilinde data na ziweke umri usiopungua miaka 13 kwa mtoto kuzungumza na mashine hizi peke yake. Sheria ya Ulaya ikaanza kazi Agosti 1, 2024. Umoja wa Afrika ulikuwa umeupitisha mkakati wake wa akili mnemba mjini Accra mwezi mmoja kabla. Na kuanzia Februari 2, 2025, kusoma hisia za mwanafunzi kwa mashine kumepigwa marufuku katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kamera ya Hangzhou haiwezi kufungwa Lisbon.

Kuna jambo linalotugusa sisi zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba zinazodai kutambua insha iliyoandikwa na mashine. Insha za watoto wa Marekani zilipita karibu zote. Insha 91 za watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni zilishukiwa, kwa wastani, zaidi ya nusu, kwa sababu msamiati wao ni mwepesi na sentensi zao zimenyooka. Ndivyo anavyoandika kijana aliyeanza na Kisukuma, akasoma kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza sekondari. Anayeomba masomo ng'ambo hulazimika kuikabidhi insha yake, na haambiwi itapitishwa kwenye mashine gani.

Sheria za kuanzia zipo: Kenya ina sheria ya data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kutangaza picha za watoto mtandaoni. Kosa la Nairobi lilikuwa kutoomba idhini ya wazazi. Skellefteå idhini iliombwa, ikatolewa, na bado mamlaka ikasema haikuwa idhini.