Chokaa na Saruji: Usanifu na Hifadhi ya Msikiti wa Kale wa Kunduchi, Dar es Salaam

Jirani na Wazo, penye kiwanda cha saruji, yapo magofu ya msikiti wa Kunduchi, unaokadiriwa kujengwa kati ya karne ya 15 na ya 16. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Baadhi ya makaburi ya karne ya 18 yaliyo kando yake yana nguzo zilizopambwa kwa bakuli za kauri za China. Nyingi zimebanduliwa, yakabaki mashimo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Insha hii inajenga hoja kwamba ulinzi wa kisheria pekee hautoshi. Chokaa hupitisha unyevu; ukarabati wa saruji huufungia ndani ya ukuta pamoja na chumvi, na matumbawe yakamomonyoka. Kwa hiyo, ufundi wa kuchoma chokaa uhifadhiwe sambamba na jengo lenyewe.