Kusaidia wapatanishi: Addis Ababa, 1972

Mpatanishi ni mtu anayekaa kati ya pande mbili zinazopigana ili zipate kusikilizana. Hana askari, wala hakati hukumu. Makanisani tunamwombea, lakini mara nyingi tunamwacha aende peke yake. Februari 2025, viongozi wa Kanisa la Kristo Kongo (ECC) na maaskofu Wakatoliki walipofika Goma kuzungumza na AFC/M23, tuliulizana kama makanisa yaliwahi kufikisha kazi ya namna hiyo mwisho. Yaliwahi, huko Sudan.

Vita vya Sudan vilianza 1955, kati ya serikali ya Khartoum na wapiganaji wa makabila ya Kusini walioitwa Anyanya. Wakimbizi wao walifika hadi kwetu Kongo. Mei 1971 wajumbe wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni na la Makanisa ya Afrika Yote (Nairobi) walikwenda Khartoum, kisha wakawatafuta viongozi wa Kusini waliokuwa uhamishoni. Tukumbuke kwamba mwaka 1964 Khartoum ilikuwa imewafukuza wamisionari wa kigeni kutoka Kusini. Kwa hiyo wapatanishi hawa hawakuonekana kuwa watu wasio na upande. Kusini waliaminiwa kwa sababu makanisa yalikuwa yamewahudumia wakimbizi. Khartoum waliaminiwa polepole, kwa kuwa yale waliyoahidi kuyapeleka upande wa pili waliyapeleka jinsi yalivyo.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika Addis Ababa Februari 1972. Abel Alier, mtu wa Kusini, aliongoza ujumbe wa serikali. Ezboni Mondiri aliongoza ujumbe wa wapiganaji. Kiti cha katikati alikaa Burgess Carr, kasisi Mwanglikana kutoka Liberia. Hakuwa peke yake: Leopoldo Niilus na Kodwo Ankrah wa Baraza la Ulimwengu walikuwa pamoja naye. Kwetu sisi, huu ndio msaada mkubwa kuliko yote. Mpatanishi anahitaji wenzake wa kusoma naye maandiko ya sheria usiku, na wa kumwambia ukweli akichoka au akianza kuegemea upande mmoja. Anahitaji pia fedha za safari na malazi zisizotoka katika mfuko wa mmoja wa wapiganaji.

Jambo lililokwamisha zaidi lilikuwa jeshi. Nani angelinda Kusini? Hapo mfalme Haile Selassie aliingilia, na wakakubaliana juu ya askari 12,000, nusu yao watu wa Kusini. Kuna mahali ambapo neno la mchungaji halitoshi, na si aibu kumwita mwenye uzito zaidi. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 27 Februari.

Baadaye makanisa yalisaidia kurudisha wakimbizi, na hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini kulinda mapatano yenyewe, siasa yake, hakuna aliyekabidhiwa. Wapatanishi walirudi nyumbani. Sisi tunaona kosa lilikuwa hapo, kwa maana waliochangia mkutano hawakuchangia miaka iliyofuata. Mwaka 1983 Rais Nimeiri aliigawa Kusini kuwa majimbo matatu bila kufuata mapatano. Vita vikawaka tena, vikadumu hadi 2005.