Kamba Niliyoikaza Mwenyewe

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa, lakini hadi leo nikiona kamba iliyokazwa moyo hunidunda.

Mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuoni si zamani, niliongozana na wanafunzi wanne kwenda kuvua kambale kandokando ya mto Kilombero. Tulirudi jua limeshazama, tukifuatana katika njia nyembamba, pekupeku, bila taa. Wa tatu ndiye aliyemkanyaga kifutu. Sisi wa mbele tulikuwa tumempita nyoka huyo bila kumwona. Ndivyo alivyo kifutu: nyoka wengi husikia kishindo wakaondoka, lakini yeye hulala kimya, akiitegemea rangi yake ifananayo na majani makavu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa, na kama nilivyokuwa nikifundisha ubaoni: funga juu ya jeraha, chanja kwa wembe, nyonya uteme. Kamba ya kufungia samaki niliikaza chini ya goti. Tulifika hospitali alfajiri, kamba ikiwa bado imekaza. Kijana alipona, lakini mguu ulikatwa. Baba yake alinishika mikono miwili akasema, "Ahsante, Mwalimu, umemwokoa mwanangu."

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma habari zenyewe. Mwaka 1894, huko Ufaransa, Phisalix na Bertrand kwa upande wao, na Calmette kwa upande wake, walionyesha kuwa mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo hujenga kinga katika damu yake, na kinga hiyo yaweza kumsaidia mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, Vital Brazil wa São Paulo alithibitisha kuwa dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya swila haimfai aliyeumwa na nyoka wa Amerika mwenye njuga mkiani. Kila sumu yataka dawa yake.

Basi mwaka ule wa 1976 dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa na umri wa miaka themanini hivi, nami kichwani nilikuwa na kamba na wembe. Sumu ya kifutu huozesha nyama. Kamba huibana mahali pamoja na kuinyima nyama damu. Wembe huongeza jeraha na kutokwa damu. Huenda sumu peke yake ingetosha kuuharibu mguu ule. Sitajua kamwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uendaye kuvua au kuwinda, vaa viatu virefu, chukua tochi na fimbo. Usiruke gogo kabla ya kutazama upande wa pili. Kanga uliyempiga akianguka majanini, yapigepige majani kwa fimbo kwanza, ndipo uiname. Usitie mkono usipoona. Mwenzako akiumwa, mtulize, mvue viatu, pete na bangili, funga banzi ili kiungo kisitikisike, kisha mbebe upesi hospitali. Asitembee. Usikaze kamba, usichanje, usinyonye.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Hukadiriwa kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao.

Nilipokaribia kustaafu nilimtafuta mwanafunzi wangu. Sasa ni fundi cherehani, mwenye wajukuu. Nilimweleza yote kuhusu ile kamba. Alinyamaza kitambo, akiukunja mkono wa shati alilokuwa akilishona, kisha akaniuliza neno moja tu: "Mwalimu, na watoto siku hizi mnawafundisha vipi?"

Kesho yake niliingia darasani, nikachora mguu na kamba ubaoni. Halafu, mbele ya watoto wote, nikaifuta kamba.