Kinywa kilitoka wapi? Historia ya kula, toka bahari za zamani mpaka mito yetu

Ukipita sokoni hapa Kalima, mbele ya kuuliza bei angalia kwanza vinywa vya samaki. Kambale ana kinywa kipana na ndevu za kupapasia matope. Mbenga ana meno marefu yanayoonekana hata akifunga kinywa. Wengine wana mdomo mrefu kama mkonga wa tembo, wa kutafutia vidudu ndani ya matope. Kila kinywa kinaonyesha mwenyewe anakulaka nini. Lakini hiki kinywa kilianza wapi?

Wakati hakukuwa na kinywa

Wanyama wa kwanza waliishi baharini, na wengi hawakukuwa na kinywa. Sponji, ambaye yuko mpaka leo, anapitisha maji ndani ya vitundu vya mwili wake na kubakiza vijidudu vidogo sana. Hiyo ndiyo chakula yake.

Karibu miaka milioni 555 iliyopita, mnyama mmoja ambaye wataalamu wanamwita Kimberella alikuwa akikwaruza utelezi uliofunika chini ya bahari, kama konokono anavyofanya juu ya jiwe. Alama za kukwaruza zilibaki ndani ya mawe.

Kisha kukatokea Cloudina, mnyama mdogo mwenye ganda kama bomba. Mabaki yake yanapatikana Namibia, China na fasi zingine. Katika maganda ya China watafiti walikuta matundu yaliyotobolewa: tayari kulikuwa na mtu wa kumwinda. Toka miaka milioni 538 hivi, wawindaji wakakuwa wengi. Anomalocaris alikuwa na mikono miwili ya kushika mbele ya kinywa cha duara. Anayeliwa naye akatafuta namna ya kujikinga: ganda gumu, miiba, ao kuchimba na kujificha chini.

Taya zinakuja

Samaki wa kwanza hawakukuwa na taya. Walikuwa wanafyonza tu. Taya zilitokea karibu miaka milioni 440 iliyopita. Wataalamu wengi wanasema zilitokana na mifupa iliyokuwa inashikilia mashavu ya kupumulia. Kwa taya, samaki aliweza kuuma, kukata na kushika. Hata taya zetu sisi wanadamu zinatoka katika ukoo ule.

Hapa kwetu kuna ushuhuda. Katika mawe ya zamani ya upande wa Kisangani, watafiti walipata mabaki ya samaki mbalimbali. Mmoja alipewa jina la mto wetu mwaka wa 1955: Lualabaea. Ni wa ukoo wa silakanti, samaki ambao watu walifikiri walikwisha kabisa, mpaka mmoja akavuliwa Afrika ya Kusini mwaka wa 1938. Wengine walivuliwa Komoro, Kenya na Tanzania. Silakanti ana kiungo ndani ya fuvu, kinachomsaidia kufungua kinywa sana na kumeza kwa nguvu.

Kinywa kilichopinda, Tanganyika

Mfano unaoshangaza zaidi uko katika Ziwa Tanganyika. Samaki anayeitwa Perissodus microlepis anakulaka magamba ya samaki wenzake. Kinywa chake kimepinda: kwa wengine kuume, kwa wengine kushoto. Mwenye kinywa cha kuume anashambulia ubavu wa kushoto, akitokea nyuma. Mwenye kinywa cha kushoto anashambulia ubavu wa kuume.

Mjapani Michio Hori alifuata samaki hao upande wa Uvira na kutangaza matokeo mwaka wa 1993. Kama wa kuume wanakuwa wengi, wanaowindwa wanazoea kuchunga ubavu wa kushoto. Basi wa kushoto ndio wanashiba na kuzaa zaidi, mpaka wanaongezeka nao. Kwa hiyo hesabu inarudiarudia karibu nusu kwa nusu.

Samaki wa ukoo huo, pamoja na tilapia, wana pia taya za pili ndani ya koo. Za mbele zinakamata, za koo zinasaga.

Juu ya nini inatuhusu?

Kinywa kinachofaa kazi moja hakibadiliki kwa mwaka mmoja. Tukiosha kasiterite ndani ya mto, matope yanafunika mawe. Utelezi wa kijani unaoota juu yake unakosa mwangaza, na samaki anayeukwaruza anakosa chakula. Hawezi kesho kugeuka mla minyoo. Matope yanaziba pia mashavu ya kupumulia na kufunika mayai. Na tukivua kwa chandarua cha mbu, tunabeba watoto wa samaki wa kila aina, wenye kinywa cha kila namna.

Kuoshea madini ndani ya shimo la pembeni, ili matope yatulie mbele maji hayajarudi mtoni, ni kazi ya ziada, ni kweli. Lakini wachimbaji wenyewe nao wananunuaka samaki katika soko hili hili.